Mbuni Uliokataa Kusimama

Mdogo wangu wa kiume alipouza kibanja chetu kule Kagera, migomba, kahawa na vyote, mama alikuwa ameshahamia kwangu Kiseke, ng'ambo ya ziwa. Hakugombana naye. Aliomba kitu kimoja tu: kipande cha ule mbuni alioupanda baba, akioteshe hapa, ili mgeni akija apewe punje za kahawa ya kwetu atafune, kama ilivyo desturi yetu.

Mdogo wangu akaja kwa meli na kijiti kwenye kopo. Alikuwa na haraka, akakata tawi la pembeni lililokuwa karibu na mkono. Wiki iliyofuata mnunuzi aling'oa mibuni yote apande miti ya mbao.

Kijiti kikashika, ila kikaanza kutambaa. Mimi nafundisha baiolojia, nikajiona nina dawa. Ncha ya mmea hutengeneza homoni inayoshuka na kuyalaza machipukizi. Mizizi hupandisha nyingine inayoyaamsha. Mvutano wa hizo mbili ndio huamua mmea urefuke au utanuke. Nikakata ncha. Machipukizi yakaamka kweli, na yote yakakimbilia pembeni. Nikaufunga kwenye mti kwa kamba. Nilipoufungua, ukalala tena. Mmea ule ulinipandisha presha, siwafichi. Kila asubuhi mama aliuliza kama umesimama, nami nikimjibu bado, huku nimekunja uso kana kwamba kosa ni lake.

Mwisho nikamuuliza bwana shamba, akaniambia kwamba tawi la pembeni la kahawa, hata lipate mizizi yake, hubaki tawi. Homoni zitavutana humo mpaka kesho, lakini hakuna chipukizi litakalokwenda juu. Mbuni unaosimama hutoka kwenye shina. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikashindwa kumwambia mama.

Pasaka mdogo wangu akaja kututembelea. Mama akampeleka uani, naye akausifu mmea, akasema umenawiri. Hapo uvumilivu ukanishinda.

"Hautasimama, mama," nikasema. "Alikata tawi, hakukata shina."

Mama akainama, akaondoa jani kavu lililonasa kwenye matawi. Mdogo wangu akajichekesha kidogo, akamshika bega.

"Usijali, mama. Nitakuletea mwingine."

Mama akainua uso, akamtazama.

"Kutoka wapi?"