Vishindo vya Ghorofani

Jamani, leo nnacheka, lakini Jumatano nilitamani sakafu inimeze.

Nina mimba ya miezi sita. Mkunga wa kliniki kaniambia nifanye mazoezi mepesi kila siku, nitoke jasho kidogo. Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, ninayekaa naye Malindi, hataki hata kusikia: "Utakitikisa kiumbe hicho!"

Basi Jumatano nikamuaga kuwa nnakwenda kliniki, kisha nikanyata nikarudi chumbani kwangu ghorofani. Nikaanza kupiga hatua papo hapo kama askari wa gwaride. Nilisahau kuwa nyumba yetu ni ya zamani, sakafu ni boriti na chokaa. Kila nikikanyaga, vumbi linawamwagikia Bi Zuhura na wageni wake kwenye vikombe vya kahawa.

Mara nikasikia wanasoma Qur-ani. Nikadhani kwa jirani kuna hitima ya maiti, nikasimama tuli kwa adabu. Waliponyamaza, nikaendelea. Wakasoma tena, nikasimama tena. Mara tatu! Kumbe huko chini walishakubaliana: hili ni jini, tena linaogopa Qur-ani.

Mlango ukafunguliwa. Bi Zuhura kashika chetezo kinachofuka ubani, nyuma yake majirani wanne wameshikana mabuibui. Mimi mikono juu, jasho linanichuruzika, tumbo mbele.

Akanitazama weee, akashusha pumzi, akakaa kitandani kwa kicheko.

"Alhamdulillahi! Ingieni, msiogope," akawaambia wenzake. "Jini lenyewe limebeba mjukuu wangu."