Kulwa na kilicho chini ya yangeyange

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya matete. Kulwa Ngolo amesimama peku nyuma ya mtumbwi. Anachomeka upondo kwenye tope, anasukuma, kisha anatulia kusikiliza.

"Mwalimu, andika. Bata bukini wanane, kulia kwako."

Mwalimu Asukile, mstaafu wa Mbeya mjini, anaandika. Kikundi chake cha watazama ndege huja kila Juni hapa Nyaluhanga, hifadhi ya ardhioevu pembezoni mwa Usangu inayosimamiwa na vijiji vitatu. Wanahesabu ndege kutwa nzima. Leo wako saba, mitumbwi miwili, kila mmoja na darubini. Kulwa hana.

"Umewaonaje, mwanangu?" anauliza Bupe, nesi mstaafu, ameng'ang'ania kingo za mtumbwi.

"Uachie mtumbwi, mama, utawaona na wewe."

"Niachie niliwe na mamba?"

"Amechoma watu sindano miaka thelathini," Mwalimu anasema, "leo anaogopa maji!"

Kulwa ni mwanamke wa miaka 34. Wazazi wake walitoka upande wa Shinyanga wakifuata malisho, yeye akiwa mgongoni. Aliishia darasa la saba, akachunga. Hifadhi ilipowekewa mipaka, ng'ombe wakakatazwa kuingia, naye akaenda kuomba kazi.

"Waliniambia, wewe mtoto wa wafugaji utawaficha wenzako," anasema. Alibeba kuni za jikoni misimu miwili kabla ya kukabidhiwa upondo. Kati ya waendesha mitumbwi sita, ni yeye tu aliyetoka kwenye boma la ng'ombe. Kazi ni ya kiangazi. Masika analima mpunga.

Saa nne, nyuma ya ukuta wa matete, yangeyange wanainuka na kutua tena, ndege weupe kabisa. Watu wanafurahi.

"Wamepumzika hao," Mwalimu anasema, kalamu tayari.

Kulwa anawatazama. Upondo umesimama.

Yangeyange waliopumzika hukaa. Hawa, wa nyuma wanaruka wanatua mbele. Wanaobaki nyuma nao wanaruka, wanatua mbele. Wanasogea taratibu, kwa mwendo wa ng'ombe anayekula. Wanadaka panzi wanaoshtuliwa na kwato. Ng'ombe wenyewe hawaonekani, matete yamewazidi kimo.

Na upande ule kuna boma moja tu, la kaka yake, Masanja.

Mwaka jana, mahali hapohapo, ni Kulwa aliyesema wamepumzika. Ikaandikwa hivyo. Baada ya wiki mbili alikuta kiota cha korongo wenye taji kimekanyagwa na kwato, mayai yamezama kwenye tope.

"Wale korongo wawili walisimama pale siku tatu," anasema. "Kila asubuhi nawapita. Sikumwambia mtu."

Sasa anavuta pumzi.

"Mwalimu, yangeyange sitini na mbili. Chini yao kuna ng'ombe. Andika."

Kalamu inasimama. Kwenye mtumbwi wa pili, askari wa hifadhi, Sosthenes, anageuka.

"Una uhakika, dada? Mbona hatuwaoni?"

"Nimekulia nyuma yao."

"Ni wa nani?"

"Wa kaka yangu."

Sosthenes anaelekeza mtumbwi kwenye matete.

Ilichukua saa nzima kuwatoa. Ng'ombe thelathini na wanane walipita ukingoni, Masanja nyuma yao, fimbo mabegani. Sosthenes aliandika jina lake, akamruhusu awarudishe nyumbani badala ya kuwakamata, kwa kuwa walikuwa na ndama. Jumatatu atasimama mbele ya kamati ya vijiji.

Masanja alimwamkia Mwalimu. Akamwamkia Bupe. Lakini hakumtazama dada yake.

"Mmemfundisha vizuri kuhesabu," alimwambia Mwalimu, akaendelea na safari.

Mchana Kulwa aliwapeleka nyuma ya matete. Korongo alikuwa amelalia kiota, taji lake likionekana juu ya majani. Alama za kwato zilikuwa zimeishia hatua kama thelathini kutoka pale. Bupe aliachia mtumbwi, akainua darubini kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu.

"Kaka yangu siyo mtu mbaya," Kulwa anasema jioni, akiosha upondo. "Lambo lao limekauka mwaka wa tatu huu. Ng'ombe ataishije bila maji?"

Amekwisha kutembea kwa miguu njia nyingine ya kufikia mto, mbali na viota, na ameipigia vigingi vya miti. Jumatatu anataka kuiomba kamati iwaruhusu wafugaji waipite. Lakini anataka Masanja aione kwanza. Kesho alfajiri atakwenda kwake.

Na asipomfungulia?

"Nitakaa mlangoni pa zizi," anasema. "Yeye anaweza kukaa ndani siku nzima. Ng'ombe lazima watoke."