Mtoto wa Rombo aliyekwama kwenye mwamba mwekundu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Melania Kavishe anapanda ngazi za makao ya wazee mjini Carrollton, Texas, akiwa na mfuko wa mchele wa kilo tisa kichwani. Jengo lina ghorofa nne na lifti mbili, zote nzima. Huko juu hakuna anayesubiri mchele.

Anafika ghorofa ya nne, anagusa mlango, anageuka na kushuka. Mkono mmoja umeshika mfuko, mwingine umeng'ang'ania reli. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili ametoka na kikombe chake cha kahawa, kama kila siku, ili amhesabie. Anamkumbusha kwamba jana alimaliza mizunguko minane. Melania anamjibu kwamba leo atamaliza saba, na kama mzee anautaka huo wa nane, mchele huu hapa.

Saa moja kamili anaufungia mfuko kabatini, anavaa kitambulisho shingoni na kuanza zamu ya saa kumi na mbili. Anawaamsha wazee tisa, anawaogesha, anawavalisha, anawalisha wasioweza kushika kijiko. Ana umri wa miaka arobaini na saba na kazi hii anaifanya kwa dola kumi na nane kwa saa. Mgongo unamuuma lakini wazee anawapenda.

Kisa cha mchele kilianza na uongo. Mwenyewe anataka tuuite hivyo hivyo bila kuupaka rangi.

Miaka minne iliyopita, siku ya usaili, mama aliyemhoji alimuuliza kama anaweza kusimama siku nzima na kuinua watu wazito. Melania, mzaliwa wa Mkuu, Rombo, alitaka sana ile kazi. Akajibu kwamba yeye ni mtu wa Kilimanjaro, na mlima wenyewe ameshaupanda mara mbili.

Nilimuuliza kwa nini mara mbili. Moja ingetosha kabisa.

"Ukisema mara moja, mtu atakuuliza kama ulifika kileleni," ananiambia. "Ukisema mara mbili, hakuna anayeuliza."

Ukweli ni kwamba Melania hajawahi kuukanyaga ule mlima zaidi ya pale mashamba ya mahindi yanapoishia. Wala si ajabu. Rombo nzima imejaa watu walioamka kila siku ya maisha yao, wakaitazama theluji kupitia mlango wa jikoni, kisha wakaenda kukata majani ya ng'ombe. Kupanda ni shughuli ya wageni na ya wanaowabebea wageni mizigo. Kwa hesabu ya Mchaga, mtu hana sababu ya kwenda mahali pa juu kiasi kile kama hana shamba huko.

Zaidi ya hayo, Melania anaogopa urefu. Shahidi ni Jerioth Kathure, muuguzi kutoka Meru, Kenya, ambaye huwa zamu moja naye.

"Huyu hata escalator ya mall huwezi mpandisha," anasema Jerioth. "Tukienda shopping anazunguka jengo lote akitafuta lift, na akiingia kwa lift anafunga macho. Sasa niambie, Kilimanjaro ilipandwa na nani?"

Jerioth aliamua kunyamaza. Uongo ungeweza kufa kifo chake, kama makao hayo yasingempokea Bi Harriet.

Bi Harriet ana miaka themanini na minne. Alifundisha jiografia Fort Worth kwa miaka ishirini na tisa, na aliposikia kwamba mhudumu wake amepanda Kilimanjaro, alimtazama kama mtu aliyepata mwanafunzi mpya. Kila asubuhi, Melania akimfunga vifungo vya blauzi, swali linakuja. Msitu unaishia wapi. Mawe ya juu yana rangi gani. Barafu iko upande upi ukiwa umefika.

Melania hakuwa na jibu, ila alikuwa na kaka. Gelasius, anayemzidi miaka sita, alibeba mizigo ya wageni katika mlima huo kwa miaka kumi na tisa. Alipanda safari sitini na tatu kabla ya kurudi kwenye ng'ombe na kahawa. Kila jioni ya Texas, ambayo ni alfajiri kule Rombo, Melania alimpigia simu kukusanya majibu ya kesho. Gelasius alilalamika kwamba anaamshwa ili afanye mtihani usio wake, kisha akajibu yote.

Mwaka ukapita hivyo. Katikati ya maswali, wawili hawa wakawa marafiki kweli kweli. Bi Harriet alikataa kuogeshwa na mtu mwingine. Melania alimpikia mtori wa ndizi mbichi anazonunua duka la Wakorea, na bibi yule akaumaliza wote na kuuliza ndizi zile hustawi kwenye udongo wa aina gani. Melania anasema alianza kuogopa siku ile. Usimamizi wa kazi alikuwa ameudanganya mara moja tu, ila huyu mama alikuwa anamdanganya kila siku akimshika mkono.

Machi mwaka huu, Bi Harriet akatoa ombi. Alitaka kwenda Sedona, Arizona, kuuona tena mwamba mwekundu uitwao Cathedral Rock, ambao aliutembelea na marehemu mumewe walipokuwa vijana. Mwanawe, Walter, angeendesha gari. Melania angechukua likizo na kwenda kama msaidizi, kwa malipo. Na kwa kuwa miguu ya bibi imestaafu, Melania angepanda kwa niaba yake, kisha ashuke amweleze kilichoko juu.

"Nilijua nimeyatimba," anasema Melania.

Watanzania wa Lewisville, mji wa jirani, walipopata habari, hawakumsaidia. Walifanya wanachofanya siku zote: waliunda kamati. Ikapatikana kamati ya safari, mwenyekiti, katibu na kundi la WhatsApp la watu thelathini na wanane. Ikaandaliwa hafla ya kumuaga yenye keki iliyochorwa mlima mwekundu. Mwenyekiti, wakala wa bima aitwaye Rogers, alihutubia dakika ishirini akisema binti wa Kilimanjaro anakwenda kuwaonyesha Waarizona kazi. Melania alivishwa kitenge, akaombewa, na akalia. Wote walidhani ni furaha.

Safari ilichukua siku mbili. Asubuhi ya tatu wakafika. Anayetegemea mlima unaopanda taratibu kutoka mashambani, kama ule wa kwao, atashangaa. Mwamba ule umesimama tu, mwekundu kama chungu kilichotoka tanuruni, wenye minara inayochomoza juu na kuta zinazokwenda moja kwa moja mawinguni. Walter alimfungulia mama yake kiti kwenye kivuli karibu na maegesho. Bi Harriet akatoa darubini. Halafu akawa anawaambia wapita njia, mmoja baada ya mwingine, kwamba huyu rafiki yake amepanda Kilimanjaro mara mbili, na hiki kwake ni kitu kidogo.

Robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri, maana ilikuwa njia ya kawaida. Kisha njia ikaisha, ukabaki ufa katika mwamba ambao mtu hupanda kwa mikono na miguu. Melania alipanda hatua nne. Hapo akafanya kosa la kutazama nyuma, akaliona gari la Walter limekuwa dogo kama kiberiti. Akakaa chini. Miguu ikagoma kwenda juu na ikagoma kwenda chini.

Alikaa pale dakika arobaini. Walimpita vijana, wakampita wazee wenye fimbo. Kisha akashuka bibi harusi. Si mzaha, ni bibi harusi mzima, mwenye gauni jeupe, buti miguuni, pindo la gauni mkononi na mpiga picha nyuma yake. Alisimama, akamuuliza kama yu mzima, akampa maji. Melania akamweleza kwamba kuna bibi pale chini anasubiri habari za kileleni. Bibi harusi akasema hilo ni dogo sana, akamrushia kwenye simu picha sita alizopiga huko juu. Mbili zilikuwa na bwana harusi, lakini nne zilikuwa safi: minara, bonde, anga.

Melania alikuwa na kilele mfukoni bila kunyanyua mguu. Alichohitaji ni kujua tu aseme nini kuhusu upepo. Akampigia Gelasius.

Rombo ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Gelasius alikuwa anakamua. Alimsikiliza dada yake akieleza mwamba, bibi harusi na picha, maziwa yakiendelea kuingia kwenye ndoo.

"Mdogo wangu," akasema, "mlima wa kwanza uliuchukua kwangu. Mimi sikusema kitu, ni ndugu yangu. Sasa unachukua na wa bibi harusi. Mlima wako uko wapi?"

Melania anasema hajawahi kutandikwa hivyo, hata na mama yake. Aliomba tu amwelekeze namna ya kushuka. Gelasius akamwambia aupe mwamba mgongo, asitazame mbali, akae kwa makalio na ashuke jiwe moja moja, na kila jiwe alitaje kwa sauti. Watu waliokuwa wanapanda wakalazimika kumpisha mama wa Kichaga aliyekuwa anateleza kwa makalio akihesabu kwa Kirombo, simu imebanwa kwenye kitenge. Hesabu iliishia jiwe la thelathini na moja, mengi yake kwenye njia ya kawaida. Suruali haikufika nzima.

Bi Harriet alikuwa ameshusha darubini. Alipomuona akasogeza kiti cha pembeni.

"Niambie," akasema. "Kuna nini kule juu?"

Simu ilikuwa mkononi na picha zimefunguliwa. Melania anasema alizitazama mara moja, kisha akaizima.

"Sijui, Mama," alimwambia. "Sikufika. Na Kilimanjaro sijapanda. Si mara mbili, wala mara moja. Yote niliyokuwa nakwambia ni ya kaka yangu."

 Walter, aliyekuwa anakunja kiti chake, akakumbuka kwamba ana jambo la kuangalia kwenye tairi. Melania alingoja kuambiwa atafute namna yake ya kurudi Texas. Zilikuwa kilomita elfu moja na mia sita, na yeye hana hata suruali nzima.

Bibi akawa anautazama mwamba. Kisha akauliza amekwama sehemu gani. Melania akamwonyesha kwa kidole. Bi Harriet akachukua darubini, akatafuta, akapaona.

"Ufa ule," akasema. "Ndipo na sisi tulipoishia."

Habari ikatoka polepole. Yeye na mumewe walikwama pale pale, na aliyelia ni Bi Harriet. Lakini aliporudi darasani alikuta wanafunzi wanamsubiri kwa hamu, akawaambia walifika. Kwa miaka ishirini na tisa alifundisha somo la miamba kwa kueleza mandhari ya kilele asichowahi kukiona. Wengine walikua wakawa wanajiolojia. Mmoja alimwandikia barua mwaka jana kumshukuru kwa maelezo yale. Barua hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Alitaka, kabla hajafa, mtu mwaminifu amweleze kuna nini kule juu.

"Na nikakuchagua wewe," akasema Bi Harriet.

Walter anasimulia kwamba alisikia kelele akadhani mama yake amepatwa na kifafa. Walikuwa wanacheka. Walicheka mpaka Bi Harriet akahitaji kupigwapigwa mgongo na Melania akahitaji kukaa. Baadaye walifungua chupa ya mtori, wakanywa wote watatu, na zile picha za bibi harusi wakazitazama kama picha za bibi harusi. Bwana harusi, walikubaliana, ni mtu mzuri.

Usiku huo Melania alimpigia kaka yake kumweleza. Alimwambia kwamba sasa wamebaki na mtu mmoja tu mwenye haki ya kusema amefika juu, naye ni Gelasius. 

"Mimi sijafika," Gelasius akasema.

Wapagazi, akaeleza, wengi huishia kambi ya mwisho. Wageni wakiondoka na viongozi wao kwenda kileleni, wapagazi hubaki na masufuria, wawapikie uji wakirudi. Safari sitini na tatu, na kilele alikitazama kutoka chini, amekaa kwenye ndoo. Yale ya barafu alikuwa anawauliza viongozi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama yeye angependa kwenda.

Melania anaposimulia hapa, anaacha kucheka. Anasema alibeba sifa ya mlima kwa miaka minne, na kaka yake alibeba mlima wenyewe kwa miaka kumi na tisa, na kati yao hakuna aliyefika kileleni. Hilo lilimuuma kuliko ule uongo.

Desemba hii anakwenda Rombo kwa Krismasi, kama Mchaga yeyote mwenye nauli. Baada ya mwaka mpya yeye na Gelasius watapanda Kilimanjaro, na safari hii hawaishii kambini. Urefu bado anauogopa, ndiyo maana mkono mmoja hauachi reli. Usimamizi wa makao umeshaambiwa ukweli, ukacheka, ukampa likizo. Bi Harriet ameandika maswali kumi na manne na anataka majibu ya mtu aliyefika. Kamati ya Lewisville imefufuliwa na Melania ameomba isimuandalie keki.

Gelasius alikubali kwenda kwa sharti moja: safari hii yeye ndiye mgeni. Mzigo wake atabeba Melania, kichwani, kama yeye alivyobeba mizigo ya watu.

Nilipomaliza mahojiano, Melania alinisikilizisha ujumbe wa sauti ulioingia asubuhi hiyo kutoka Rombo. Nyuma yake ng'ombe analia.

"Mdogo wangu, nasikia uko kilo tisa," anasema Gelasius. "Ongeza. Nimeamua nakuja na kiti. Na kila asubuhi utaniletea maji ya moto ya kunawa mpaka mlangoni mwa hema, uniulize nimelalaje. Safari sitini na tatu nimewauliza wageni. Na mimi nataka kuulizwa."