Siku Nilipompeleka Yaya kwa Wakwe Kinyumenyume

Mpaka leo kuna watu mtaani Katuba wasiojua jina nililobatizwa. Wananiita Marche Arrière, yaani gia ya kurudi nyuma, na aibu yenyewe ni kwamba naitika.

Yaya yangu Godelive, dada mkubwa aliyenilea mama alipokuwa akienda Pweto kununua samaki wakavu, alikuwa anaolewa, na mjomba akanikabidhi gari lake la otomatiki nimpeleke bibi arusi ukumbini Karavia, mradi kwanza nibadilishe mafuta ya bwate (ndivyo tunavyoita giaboksi). Yaya mwenyewe aliomba jambo moja tu.

"Fiston, bakwe banasema kwetu bintu yote ni kubahatisha. Siku hii moja, usijaribu-jaribu kitu."

Sasa mimi shule niliiacha mapema lakini kujaribu sijaacha (nimeshafungua redio, saa ya ukutani, na pasi ya jirani ikiwa bado ya moto), kwa hiyo muuzaji wa vipuri, baba mmoja mpole wa Kivu ya Kaskazini, alipoweka chupa mbili mezani, moja ya kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, nyingine ya kampuni tofauti, imeandikwa "magari yote ya otomatiki", nikazifungua zote, nikanusa, nikasugua vidoleni, nikaona zote nyekundu, zote zinateleza.

"Petit, mudogo yangu, hii ingine haiko mubaya," akasema. "Iko muzuri sana, kama kitabu ya gari inaikubali. Ulisoma kitabu?"

Kitabu kilikuwa garini, hatua kumi kutoka pale. Nikamwambia nimesoma, nikanunua ile ya "magari yote". Sikutaka tu anione mtu wa kubabaishwa na jina.

Siku ya arusi tuliondoka vizuri kabisa, riboni, honi, taa zimewashwa mchana kweupe, gari la mama likitufuata na mengine nyuma yake, na mimi nikaanza hata kumweleza yaya na shangazi Feza (aliyeketi naye nyuma kulinda vazi) kwamba chupa ni chupa tu. Tulipokunja kona ya mwisho, pale barabara ya vumbi inapopanda kuelekea ukumbini, gari likasimama. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, hatukwenda popote. Nikajaribu gia ya kurudi nyuma: likarudi mbio, nusura ligonge gari la mama.

"Uliweka mafuta gani?" yaya akauliza, taratibu.

Nikamwonyesha chupa (sijui kwa nini nilikuwa nimeibeba). Nikapendekeza ahamie gari la mama.

"Wee!" shangazi akaruka. "Bibi arusi akisha kuingia mu motokari, hashuke mu njia! Muguu yake itakanyaga kitenge ya bakwe tu!"

Na kule juu getini wanawake wa bwana arusi walikuwa wameshatandaza vitenge, wanatutazama.

Wajomba wanne, suti na tai, walijaribu kutusukuma, mlima ukawashinda. Ndipo wakaligeuza gari palepale chini, pua ikatazama tulikotoka, nami nikampandisha yaya yangu kinyumenyume, shingo imepinda, jasho linanitiririka.

"Oneni, bibi arusi anakatala!" muuza mikate mmoja wa kando ya barabara akapiga kelele. "Anarudia kwabo!"

Kwa kuwa nilikuwa nimegeuka nyuma, uso wa yaya ulikuwa mbele yangu. Mabega yalimtikisika. Nikajua nimemharibia maisha. Kumbe alikuwa akitazama kwa kioo cha mbele, na kule gari la mama lilipanda likitufuata pua kwa pua, mama anapunga kitambaa, analia na kucheka, na yaya naye vilevile.

Getini mama mkwe akafungua mlango. "Mutoto, mbona munakuja na mugongo?"

"Mama, nilitaka kumuangalia mama yangu mpaka mwisho," yaya akajibu.

Yule mama akapiga vigelegele, na wote wakamfuata. Yaya akakanyaga kitenge, akaninong'oneza, "Wewe nitakupiga."

Hakunipiga. Siku chache baadaye alikuja, akanikalisha, akanisomea kitabu cha gari kwa sauti, kama zamani aliponifundisha herufi. Mafuta yangu hayakuwamo. Tangu hapo sifungui chupa kabla sijasoma, hata iwe ya dawa ya kikohozi.