Nyenje wa Haddrell

Kwa miaka thelathini Murray Haddrell alikagua maziwa katika viwanda vya bonde la Wairarapa, na hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kosa. Alipostaafu aliwageukia nyenje wadogo wa kijani wanaoimba nyasini mwezi wa Februari, jua likiwa kali. Hao hufanana kama punje za mchele. Hutambuliwa kwa wimbo. Kazi ilihitaji mtu anayejua kusikiliza, naye Murray alikuwa amejisikiliza maisha yake yote.

Kiangazi hicho, kando ya uzio wa jirani, alimrekodi nyenje ambaye kila kipande cha wimbo wake kiliishia na "ta!". Hakuna kitabu kilichomtaja. Murray akamtangaza gazetini kabla ya kumwuliza mtu, na jina alishalichagua: lake mwenyewe. Ilibaki chama cha mazingira kumwandika kwenye orodha ya bonde.

Jumamosi wanachama kumi na mmoja walifika na sahani zao za skonzi. Wote wakasikia: zii-zii-ta. Zii-zii-ta.

"Mnasikia?" Murray alinong'ona. "Hakosei hata nukta. Kama saa!"

"Hapo ndipo ninapoingiwa na shaka," alisema Ngaio Paewai, katibu wa chama, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe. "Murray, huo waya wa umeme umeutazama?"

"Una nini?"

"Jani limeuegemea, linapigwa shoti: ta! Kila uzio hapa hulia hivyo."

"Nimeishi hapa miaka sitini, mama. Sauti ya uzio naijua."

"Umeizoea mpaka huisikii tena."

Ngaio akaenda kwenye swichi ya uzio, akaizima. Nyenje akaendelea: zii-zii. Zii-zii. Yule yule wa kila bustani. Mtu mmoja alipaliwa na skonzi.

"Ameona haya," Murray alisema. "Mmekuja wengi mno."

Lakini mitamba ya jirani, nayo ina masikio, ilishatambua kwamba uzio umenyamaza. Ilipenya kati ya waya bila haraka, ikaanza kula kwenye kichaka kile kile cha nyasi alimokuwa mwimbaji. Wanachama wakaifukuza kwa sahani. Murray hakusogea. Uso wake ulikuwa unaanza kung'aa tena.

"Andika," alimwambia Ngaio, "kwamba kielelezo kimeliwa kabla uchunguzi haujakamilika."

"Shika mkia huo kwanza, bwana!"

Jumatatu gazeti lilipokea barua yake ya pili. Ilisikitika kwamba nyenje wa Haddrell ametoweka duniani, kwa uzembe wa katibu mmoja.