Savane Aliyenusa Theluji

Huyu ni Savane binti Ngeteta, wa ukoo wa Okotetto. Baba yake aliwavusha kulungu mia sita, wale wa kaskazini wanaofugwa kama ng'ombe, juu ya barafu ya ghuba bila kupoteza hata mmoja. Mama yake alishona ngozi za hema letu, na hadi leo halijavuja. Savane mwenyewe alinusa theluji. Alikuwa wifi yangu, na kwa kuwa nilizaliwa kusini msituni, aliniita Mtoto wa Miti.

Mwaka ule mvua ilinyesha katikati ya majira ya baridi, jambo lisilo na adabu. Maji yakaganda, kisha theluji laini ikaanguka juu yake ikaficha kila kitu. Jua, ambalo kwetu kaskazini hupotea kwa wiki kadhaa za baridi, lilikuwa bado halijarudi. Saa sita mchana nchi nzima ilikuwa ya samawati, bila mti, bila kivuli, na kulungu walitembea humo kama moshi.

Mume wangu Yepka alitaka tupige hema ziwani, tulikozoea. "Theluji ni kama unga," alisema. "Hata ndama atafukua."

"Kaka, macho yako yanapenda kudanganywa." Savane akachoma theluji kwa ile fimbo ndefu ya kuongozea kulungu, akapiga magoti, akaingiza pua shimoni. Alikaa hivyo hadi nikadhani amesinzia. "Haina harufu."

Chini kukiwa wazi, ile kuvu nyeupe ya ardhini wanayokula kulungu hupandisha harufu ya uyoga. Kukiwa na barafu, hunusi kitu, na kulungu hufa njaa wakiwa wamesimama juu ya chakula chao.

"Tukifuata pua yako tutafika baharini," Yepka akasema.

"Na tukifuata tumbo lako tutafika dukani kwa Warusi."

Tukafuata pua. Siku nane alitoboa, akanusa, akatikisa kichwa. Kulungu wakaanza kulala chini kwa njaa. Siku ya tisa, kwenye mgongo wa kilima, akainua uso uliojaa theluji.

"Wifi, njoo."

Nikainama. Ikanijia harufu ya uyoga, na nyuma yake kiangazi chote: matope, mbu, jua lisilozama. Nilipoinuka, kulungu walikuwa wanafukua.

Hema liliposimama, alinilazia ile fimbo magotini. Ncha ya pua yake ilikuwa nyeusi, imeungua kwa baridi.

"Hii haisikii tena harufu," alisema. "Nimekutania miaka mingapi?"

"Saba."

"Imetosha. Kesho unatangulia wewe, Mtoto wa Miti. Usimuulize Yepka. Toboa, unuse, ndipo tuhame."