Nyogokuru na Mfereji wa Njia ya Peaje

Enzi zetu, kabla lami haijafika, kutoka kwetu Gashonga kwenda Kamembe tulikuwa na njia mbili: ile ya kukata migombani, na Njia ya Peaje. Hii ya pili iliachwa na mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, tangu zamani zile gari lilipokuwa kitu cha kukimbiliwa na watu wa kilima kizima. Gari lililotaka kupita lilisimama mbele ya mti uliolazwa baina ya nguzo mbili za mawe, mwenye gari akalipa ushuru wa njia, ndiyo peaje yenyewe, mti ukainuliwa. Sisi hatukumkuta mzungu wala mti wake. Tulikuta nguzo, pete ya chuma yenye kutu, mawe yaliyopangwa chini kwa ustadi, na mfereji kila upande, kina chake kinamfika mtoto kifuani.

Mchezo wetu mkubwa uliitwa peaje. Tulifunga kamba ya mgomba kwenye zile nguzo, mmoja wetu akavaa kofia ya jani akawa mlinzi. Mara nyingi mlinzi nilikuwa mimi, msichana mwenye sauti kuliko wote. Wavulana walikuja na magari ya vigogo vya migomba, magurudumu ya kandambili zilizokatika, wakinguruma kwa midomo mpaka mate yanaruka. Malipo yalikuwa pera moja au kipande cha muwa. Aliyekuja bila gari tulimpigia kelele, “Wa miguu, chini!” naye aliruka mferejini. Maneno hayo tuliyarithi kwa wakubwa wetu, nao sijui kwa nani. Hakuna aliyeuliza. Watoto wa siku hizi wana magari ya betri yanayogeuka yenyewe yakigonga ukuta, na bado utawasikia wanalalamika hawana la kufanya.

Aliyetuchekesha kuliko wote ni Nyogokuru, bibi yangu, mama yake Papa. Alirudi kutoka ziwani na kapu la sambaza kichwani, harufu ya samaki ikimtangulia, nasi tukapiga yowe letu, “Wa miguu, chini!” Mtu mzima yule alishuka kweli. Alitembea kwenye matope na majani yanayowasha mpaka azipite nguzo, ndipo apande tena. Tulicheka hadi tukashika mbavu, tukidhani anacheza nasi. Baadaye tukagundua kwamba anashuka hata tusipokuwepo. Majirani wakampa jina, Maman Mufereji, na mimi mjukuu wake nikaanza kumwonea haya.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilivaa gauni jeupe la kuazima na soksi ndefu, nikaonywa nisiguse kitu. Misa ilikuwa imekwisha kuanza Nyogokuru alipoingia. Kitenge chake cha sikukuu kilikuwa tope tupu mpaka magotini, na kila alipokanyaga aliacha alama nyekundu sakafuni. Watu wote walimjua, na wote walijua kapita wapi. Minong'ono ilianzia mabenchi ya nyuma ikaja mpaka kwetu. Akanitafuta kwa macho, akatabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyumbani kulikuwa na wali na nyama, lakini sikula. Nikamwambia Papa kwamba Nyogokuru ameniaibisha mbele ya kanisa zima, na watoto waliokuwepo wakaanza kucheka. Papa alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweka sahani chini.

“Munacheka?” alisema. “Ile barabara, wazee betu njo baliichimba. Mama yangu alibebaka yale mawe ku kichwa akiwa binti mudogo. Ilipoisha, muzungu akasema barabara ni ya mwenye kulipa. Muntu wa miguu halipe, basi ashuke mu mufereji. Wakimukuta juu, fimbo. Njo ile munaiita muchezo.”

 Nilimwangalia Nyogokuru, alikuwa anapakulia wageni, miguu ameshaiosha.

“Lakini muzungu alishaenda!” nikasema, karibu nalia. “Sababu gani hamumwambie?”

Nyogokuru mwenyewe ndiye aliyejibu, bila hasira. “Baliniambia, mwana wangu. Miye najua. Miguu njo haiyajua bado.”

Sikuwahi kuvaa tena kofia ya mlinzi. Hata sasa, mwanamke mwenye wajukuu, nikiisikia sauti yangu ya utotoni ikipaza yale maneno, uso unaniwaka. Fimbo ilikuwa imeondoka zamani. Sauti ndiyo tuliyoirudisha sisi, wajukuu zake, kwa kujifurahisha.

Nyogokuru alifariki mimi nikiwa nimeshaolewa. Tulimshusha makaburini kwa Njia ya Peaje. Mawe yalikuwa yameota majani na yanateleza, hivyo vijana waliobeba jeneza wakataka kufuata ukingo. Papa, mzee tayari na fimbo yake ya kutembelea, akawazuia.

“Mu katikati,” akasema.

Wakarudi katikati. Tulikwenda polepole, wengine wameshikana mikono wasianguke, na nilipokuwa napita baina ya zile nguzo nililia kwa sauti bila kujali nani ananitazama. Ilibidi afe ndipo tumpitishe mahali alipostahili.

Leo imebaki nguzo moja, imefungiwa mbuzi. Mawe mengi yamechukuliwa kujengea majiko, na mfereji umepandwa maharage. Njia yenyewe watoto hawaijui, wanajua lami na pikipiki. Jioni wasichana wanarudi shuleni wamejipanga barabara nzima, macho kwenye simu, wanacheka, pikipiki zinawapigia honi wala hawajali. Wazee wenzangu wanakasirika, wananiambia, “Maman, uko na sauti, bakemee basi, bende kando!”

Ninafungua mdomo, kisha ninaufunga. Hao waache wapite.